Silva Isiyokorogwa

Kwenye gereji hakuna aliyekumbuka jina lake la shuleni. Alikuwa Msasa, basi, na jina hilo halikutokana na kazi peke yake. Ni kweli alikuwa fundi rangi, na kutwa alikuwa anasugua bodi za magari mpaka vidole vinakosa alama. Lakini waliombatiza hawakuficha: mkono wa yule dada ni pamba, mdomo ndio msasa, tena ule mkali wa kukwangulia kutu. Ukimkosea asubuhi, kufika mchana umeshasuguliwa ukawa laini, umebaki kupigwa praima tu, ile rangi ya kutangulia.

Na mbele ya Msasa kosa lilikuwa moja, mengine yote watoto wake: kupiga rangi bila kukoroga. Silva hasa. Silva siyo rangi kama nyekundu au bluu, ambayo hata ukiikosea inabaki na jina lake. Ndani ya silva mna chenga za madini, ndogo kama vumbi, na chenga kazi yake ni kuzama. Acha kopo litulie kidogo, utakuta chenga zimelala chini kama wageni walioshiba, na juu kumebaki kitu kama maji ya kuoshea vyombo. Ukipiga hivyo hivyo, mlango mmoja unatoka kijivu, mwenzake unametameta, na mwenye gari anakuja kukuuliza kama umemuungia magari mawili.

Kwa hiyo salamu yake ilikuwa hiyo. Wengine wakiingia kazini wanasema habari za asubuhi, yeye anasema, "Umekoroga?"

Tipa, fundi rangi mwenzake, jitu nene lenye kicheko kinachotangulia tumbo, alikuwa na jibu lake la kila siku. "Nimekoroga mpaka chai ya jirani."

"Hicho kijiti mbona kikavu?"

"Nilikoroga kwa nia."

Na vita inaanzia hapo, mpaka mtu wa tatu awaletee viti.

Sasa, huyu Msasa alikuwa na mama, na mama yake alikuwa dereva wa teksi. Hakuanza udereva ili watu wamshangae. Alijua kuendesha, na watoto walikuwa na tabia ya kula kila siku. Gari yake ilikuwa silva, milango minne, boneti ndefu kama mtu anayetanguliza pua kwenye habari zisizomhusu. Aliiendesha mpaka chini ikaliwa na kutu, ukikanyaga mkeka unaisikia barabara. Na mwaka huohuo goti lake likaanza kugoma kukanyaga klachi. Wakazeeka pamoja, wakaacha kazi pamoja. Gari ikaenda kwa wauza vyuma chakavu. Mama akakaa nyumbani akaambiwa apumzike, na kupumzika hakukuwa kitu alichowahi kujifunza.

Wenzake wa stendi wakapanga kumuaga rasmi, Jumamosi mchana, palepale walipokuwa wanapanga foleni za magari yao. Mama akatoa amri moja: "Msiniletee midoli."

Watoto wake walikuwa wameshachelewa. Kaka yake Msasa, fundi bodi wa gereji hiyohiyo, mtu anayepima maneno kwa rula kabla ya kuyakata, alikuwa amewahi kwa wauza vyuma na kukata kipande cha boneti kabla gari haijapondwa. Kipande hicho alikigonga, akakikunja, akakilehemu, na baada ya majuma kadhaa ya kununa kwenye kona yake akatoa gari. Gari ileile, yenye pua ileile, milango ileile, ila unaibeba kwenye viganja viwili. Moto wa kulehemu ulikuwa umeunguza rangi yote, bati likabaki uchi.

"Mimi nimemaliza," Kaka alimwambia, akamwekea mezani. "Silva ni yako. Usiniharibie."

"Nimepiga rangi malori, wewe unaniogopea gari ya kulala kiganjani?"

"Malori hayapelekwi kwa Mama."

Hapo alisema kweli. Mama hakuwa mtu wa kumuudhi mtoto. Ukimletea kitu ambacho hakikumgusa, anakigeuza upande huu, anakigeuza upande ule, anasema "Nzuri," mara moja tu, halafu anafungua kabati la vyombo anakiweka nyuma ya sahani kubwa. Kikishaingia humo, buriani. Kulikuwa na mwavuli wenye mpini wa dhahabu ya uongo, kitambaa cha kichwa alicholetewa na dada yake, saa ya ukutani ambayo haijawahi kuuona ukuta. Vyote vizuri. Lakini kitu akikipenda, anakigombeza. Birika lake la chai alikuwa anarushiana nalo maneno kila asubuhi, na ole wako ulisogeze. Ile teksi alikuwa anaiambia mambo ambayo hata Msasa angeangalia kwanza nani yupo karibu, na Jumamosi anaiosha masikio yote kama mtoto.

Kwa hiyo Msasa alichokuwa anakiogopa ni neno moja tu. Nzuri.

Akaanza kama anavyoanza gari yoyote. Akasugua, akapiga praima, akachukua silva ya gereji, nambari ileile ya rangi ya teksi ya Mama, akaikoroga mpaka mkono ukafa ganzi, akapiga kwa bunduki ndogo ya kupulizia viraka. Akaitoa nje kwenye jua ili aringe.

Tipa alikuwa wa kwanza kuiona. Kicheko kilifika, halafu tumbo, halafu Tipa.

"Hii inakwenda harusini au inarudi?"

"Funga mdomo."

"Hapana, nauliza kwa heshima. Nani kaimwagia sukari?"

Msasa akataka kumrushia kopo, lakini macho yake mwenyewe yalikuwa yanamuona Tipa ana haki, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Gari ilikuwa inametameta vibaya. Punje moja moja unaziona zimekaa kwenye paa. Rangi ya gari kabisa, kutoka kopo la gari, na haikufanana na gari hata kidogo. Ilifanana na viatu vya mwimbaji wa ukumbini.

Akaifuta kwa thina ya kuyeyusha rangi, kwa hasira, na hasira haijui bati lina unene gani. Paa likabonyea. Kaka alipokuja akakuta paa lina bonde. Akaketi, akaingiza mpini wa kijiko kwa ndani, akaligonga polepole mpaka likarudi. Ndipo akasema.

"Ukilibonyeza tena nampelekea yule wa gereji ya kona."

"Yule anayepiga silva kama anamwagilia mchicha?"

"Huyo huyo. Hana hasira."

"Mpelekee basi! Na mimi unipeleke!"

Kaka akaondoka zake. Gari aliiacha mezani, maana alimjua dada yake.

Mara ya pili Msasa akasema kama chenga ndizo adui, basi natafuta silva isiyo na chenga. Akapata kopo la kupulizia, lile la kung'arishia rimu. Akapiga. Ikatoka laini, haina punje hata moja, na alipoinama kuiangalia akaiona pua yake mwenyewe kwenye boneti, pana kama chapeo.

Kaka akaigeuza geuza. "Mama akiiona hii ataitia kwenye chai."

Ni kweli, kilikuwa kijiko chenye matairi. Msasa akaifuta tena, safari hii taratibu, meno yamekaza.

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya ghorofa, na juu kabisa kulikuwa na paa la wazi lenye kamba za kuanikia. Asubuhi iliyofuata Msasa alipanda na ndoo ya nguo za kazi, anagombana na ngazi. Ile gari alikuwa nayo kwenye mfuko wa aproni. Siku hizo alikuwa anatembea nayo kila mahali kama anailea, bati tupu, haina rangi. Akaanika ovaroli ya kwanza, akaanika ya pili, na ya tatu ikamponyoka kibanio, ikaning'inia ukingoni. Akainama kuidaka.

Chini, mbele ya duka la mkate, kulikuwa na gari silva imeegeshwa.

Kutoka juu kule gari ile ilikuwa saizi ya kiganja. Msasa alianza kuondoka, kisha akarudi. Akaishika ovaroli kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akatoa gari ya Kaka, akainyoosha hewani kando ya ile ya chini, akafumba jicho moja. Zikalingana. Pua kwa pua.

Akaangalia vizuri sasa. Ile gari ya chini haikuwa na chenga hata moja. Haikumetameta. Kwa kweli haikuwa silva hata kidogo, ukiitazama kwa uaminifu. Ilikuwa kijivu kilichotulia, mabegani na juu ya paa ikawa nyeupe ambapo jua liliikalia, na ubavuni ikaelekea weusi. Hicho tu. Usilva wote ulikuwa kwenye kule kupishana kwa mwanga na kivuli.

Akakaa juu ya ndoo. Miaka yote alikuwa anaiangalia silva pua imegusa bodi, maana ndiko fundi anakotazama. Anazijua chenga kuliko anavyowajua binamu zake. Lakini mtu wa kawaida gari anaiona akiwa ng'ambo ya barabara, na kutoka ng'ambo chenga hazipo. Kaka alikuwa ameipunguza gari: pua ameipunguza, milango ameipunguza, hata vitasa. Yeye akaja na chenga za gari kubwa akazipandisha juu ya gari ndogo. Ni kama kuchukua gari ya kweli ukaimwagia vifuniko vya soda halafu ukasema nimepaka rangi.

"Mjinga wewe," alijiambia, lakini kwa sauti ya mtu aliyeanza kufurahi. Ovaroli ya tatu ilikuwa imeshaanguka kwa muuza mkate.

Tatizo sasa, chenga ndogo kuliko ndogo anazipata wapi? Madukani walimpa makopo yaleyale yenye vifuniko tofauti. Akachekecha silva kwa soksi ndefu ya nailoni. Zote zikapita, kubwa kwa ndogo, na soksi ikafa. Tipa alimshauri azitwange. Tipa akaambiwa atatwangwa yeye.

Dawa ilitoka kwa Tipa huyohuyo, na bila yeye kujua. Jumatano mchana Msasa alipita kwenye rafu akakuta kikombe cha bati. Tipa alikuwa amechanganya silva na thina nyingi jana yake kwa ajili ya kiraka, akasahau. Chenga zimelala chini, juu kumekaa maji ya vyombo. Msasa akakishika kikombe, akavuta pumzi ya kutosha ugomvi mrefu.

"Tipa! Nani kakwambia silva inaachwa ilale hivi, hukukoro..."

Akakiinamia kikombe.

Tipa akageuka kwa mshangao, maana alikuwa ameshaandaa jibu. "Endelea, nakusikiliza."

Msasa alikuwa amechovya ncha ya kidole kwenye yale maji ya juu, akaipaka kwenye ukucha. Thina ikaruka. Juu ya ukucha kukabaki utando, kijivu, mwororo kama umepakwa risasi ya penseli. Akausogeza karibu na jicho. Hakuna punje. Akaugeuza kwenye mwanga, ukang'aa kwa unyenyekevu.

Kumbe yale maji hayakuwa maji. Chenga kubwa ni nzito, zinawahi kuzama. Zile ndogo kabisa, ndogo hata fundi hazihesabu, zinabaki juu zinaelea elea zikitafuta njia. Na yeye maisha yake yote alikuwa anazirudisha kwa wakubwa zao kwa kijiti.

"Mtu akikigusa hiki kikombe," alisema polepole, "namvunja."

"Nikikoroge?" Tipa aliuliza.

"Ukikikoroga nakukoroga wewe."

Gereji nzima ikasimama. Kuna fundi mmoja aliacha gari juu ya jeki akaja kusikia vizuri. Msasa amekataza kukoroga. Tipa aliweka mkono kifuani kama mtu kwenye msiba, akasema alijua siku moja thina itampanda dada yetu kichwani, ila hakudhani mapema hivi.

Akachanganya mwenyewe kikombe kikubwa, akakipiga kwa kijiti mara ya mwisho, akakiweka juu ya dirisha na kukifunika karatasi. Halafu ikabidi angoje. Kungoja, kwa Msasa, ilikuwa kazi kuliko kusugua basi zima. Mtu akipita na nyundo anamfokea kwa sababu ya mtikisiko. Kompresa ikiwashwa anakimbilia kukishika kikombe. Mara mbili alifunua karatasi, akaona kumetulia, akatamani, akafunika. Ilipotulia kweli, akachota ya juu kwa bomba la sindano kama anayemtoa mtoto kitu jichoni, akaihamishia kwenye kikombe kingine, akaiacha itulie tena, akachota tena. Kwenye kikombe kikubwa chote akapata robo tu.

Alhamisi akapiga. Praima nyembamba ya kijivu, msasa wa maji ulio laini kama kitambaa, halafu silva ile, pumzi moja moja, bunduki inapita na kuondoka kabla bati halijajua kumepita nini. Mara ya kwanza hakikuonekana kitu. Mara ya pili kama ukungu. Kidogo kidogo bodi ikaanza kuwa gari. Mistari ya milango akaipitishia penseli iliyochongwa kama sindano, ili milango ionekane inafunguka. Juu akamalizia vanishi kiasi cha kunusa tu.

Akapanda nayo juu ya paa la nyumba. Ile gari ya muuza mkate ilikuwepo. Akanyoosha mkono, akafumba jicho. Akashindwa kujua ipi ni ipi, ukiondoa kwamba moja ilikuwa na kidole gumba chini yake.

Kaka alipoiona alikaa nayo muda mrefu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Mtu wa maneno ya rula, machoni mwake ungeona ameshakata karatasi nzima.

"Hii ndiyo," alisema. Halafu, "Na ule mlango?"

"Mlango gani?"

"Unaujua."

"Ule mlango ulikwenda na gari, uende salama."

Naam, kulikuwa na mlango. Msasa alipoanza kujifunza kazi, bodaboda moja iliichuna teksi ya Mama mlango wa nyuma, upande wa kushoto, na Mama akasema binti yangu atapaka. Binti alikuwa anaiogopa bunduki ya rangi kama nyoka. Akasimama mbali, mkono ameunyoosha wote, uso ameugeuza. Sasa silva ukiipiga kwa karibu inatua imelowa, inakuwa nzito. Ukiipiga kwa mbali inakauka hewani, inatua kama unga. Mlango ukatoka mweupe kuliko gari yote. Msasa alipokwisha kuiva kwenye kazi alimuomba Mama aurudie, akaomba tena na tena, na jibu likawa lile lile: "Umekauka, yameisha." Ikafika hatua stendi nzima wanamuita Mama kwa mlango huo. Foleni ikisogea wanapaza sauti, "Mlango Mweupe, zamu yako!" Kila Msasa alipoisikia sauti hiyo alitamani ardhi ifunguke imeze, siyo yeye, imeze stendi.

Kwa hiyo kwenye gari ndogo milango yote minne ilikuwa sawa. Hiyo ilikuwa nafasi yake ya kuurudia.

Ijumaa mchana wakampelekea Mama nyumbani. Kaka ndiye aliyeshauri: kama ni ya kabatini, iende kabatini kimyakimya, isiende mbele ya watu.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza upande huu. Akaigeuza upande ule.

"Nzuri," alisema.

Kaka akaangalia sakafu. Mama akainuka, goti likalia, akaelekea kwenye kabati.

"Mama, ngoja," Msasa alisema. "Hebu ngoja kwanza. Ina kasoro gani?"

"Nani kasema ina kasoro?"

"Umesema nzuri."

"Sasa mwanangu ulitaka nisemeje? Mbaya?"

"Ndiyo. Sema mbaya. Igombeze. Sema chochote, Mama, mimi nimegombana na watu kwa ajili ya hii gari mpaka sasa nasalimiwa kwa mbali."

Mama akacheka puani. Mkono ulikuwa kwenye kitasa cha kabati, akautoa. Akaishika gari akainyoosha mbali naye, maana macho yake ya karibu yalikuwa yameshaanza kustaafu nayo.

"Silva yenyewe ndiyo ile," alisema. "Hapo sina neno. Nikiitazama hivi ni kama naiona ng'ambo ya barabara inanisubiri. Lakini hii ni ya mtu mwingine, mama yangu. Kuna mtu ametoka nayo dukani jana. Ikipita pale stendi hata mkono sitaipungia. Na abiria wangu wakiiona wataiacha ipite, watakaa wananingoja mimi."

Kaka akakohoa. Kikohozi chake kilikuwa na maneno mengi kuliko yeye.

"Usikohoe," Msasa alimwambia.

"Sijasema kitu."

"Nimekusikia."

Akaichukua gari mikononi mwa Mama, hakuaga, akashuka ngazi akirudi gereji. Njiani alikuwa anaongea peke yake, na watu walimpisha.

Akadhani ni kazi ya dakika. Akafunika gari yote kwa karatasi na utepe, akaacha ule mlango mmoja, akausugua kidogo, akajaza bunduki, akapiga. Alipofunua, mlango ulikuwa umelingana na mwenzake, huoni tofauti. Akafunika, akapiga tena, kwa makusudi kabisa akajiambia kosea. Ukalingana. Mkono ulikuwa umeshasoma, haukubali kurudi darasa la kwanza.

"Sikujua naweza kufa nimeona haya," Tipa alisema, ameegemea mlango, anakula karanga. "Msasa anashindwa kuharibu."

Msasa alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamejipanga yote, makali, mapya. Lakini badala ya kuyatoa akamuuliza, "Wewe siku ya kwanza kushika bunduki ulisimama wapi?"

Tipa akafikiri. "Nje ya gereji, nadhani."

Basi naye akarudi nyuma. Hatua moja, nyingine, mpaka mgongo ukagusa rafu. Akanyoosha mkono wote. Ikabaki uso, na akaugeuza pembeni kama yule binti, macho amefumba nusu, anangoja bunduki imng'ate. Akabonyeza. Safari hii hakutumia silva aliyoichota juu. Alitumia ya chini, zile chenga nzito zilizobaki kikombeni, na alikuwa amezikoroga. Ikaruka, ikakauka hewani, ikatua kama unga.

Akafunua karatasi. Tipa akaacha kutafuna.

"Mlango Mweupe," alisema, kwa adabu.

Jumamosi stendi walikuwa wamefagia, wakaweka viti, wakaleta soda. Magari yao yalikuwa yamepangwa foleni kando ya barabara kama siku zote, maana kuaga ni kuaga na abiria ni abiria. Mkubwa wa stendi, mzee mwembamba waliyemuita Kamanda kwa sababu ya kofia, aliongea kirefu kuhusu breki. Baadaye Kaka akasogea na kumwekea Mama gari mapajani. Msasa alisimama nyuma kabisa, mikono mifukoni, tayari kugombana na yeyote atakayemuangalia.

Mama hakuigeuza. Aliweka kidole gumba kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, akakipitisha polepole, kukawa na mkwaruzo kidogo, wa unga unga.

Msasa alingoja lile neno.

"Haya matairi mmeyajaza upepo mno," Mama alisema. "Nani kawaambia? Ingekuwa inaruka kama mbuzi. Na wewe," akamgeukia Kaka, "kioo cha pembeni umekinyoosha. Changu kilikuwa kimelala. Miaka yote umepanda gari yangu hukuona kioo kimelala?"

Kaka akainama, akakilaza kwa kidole.

"Zaidi. Hapo. Sasa nawaona wanaokuja nyuma." Akainua macho akamtafuta Msasa kati ya watu. "Na wewe, vanishi umeweka kidogo, hii nikiiosha itachubuka. Nitaiosha na nini?"

"Usiioshe, Mama."

"Nisiioshe. Msikieni. Gari nisiioshe."

Msasa akaangalia pembeni, kwenye ukuta, kwa muda. Ukuta ulikuwa na rangi mbaya sana, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuusema.

Mama akainuka, goti likalalamika, naye akalijibu. Akatembea na gari yake mpaka mwisho wa foleni, nyuma ya teksi ya mwisho, akainama kwa shida akaiweka chini ukingoni mwa barabara, pua mbele, imenyooka. Jua likaikalia mabegani. Kutoka kwenye viti walikokaa wengine, ilikuwa teksi tu iliyoegeshwa mbali kidogo, silva, mlango mmoja mweupe.

Kamanda akaweka mikono mdomoni.

"Mlango Mweupe! Zamu yako bado!"

"Najua," Mama alisema, akavuta kiti akakaa kando yake. "Nangoja."